Koti la Studio na Picha Niliyoifuta

Opio na Nekesa,

Siku ile mliyoniaga pale studio, nilipostaafu na kuwaachia kazi, kwa soda na chapati zilizoviringishiwa mayai, mlibishana mbele yangu hadi mkasahau kwamba mgeni rasmi ni mimi. Opio alisema kwenye picha kamera ndiyo kila kitu: mpe mtu kamera nzuri, hata kondakta wa basi atapiga picha ya kuwekwa kwenye kalenda. Nekesa akasema kamera bila mwanga ni kopo tu. Kisha mkanigeukia wote wawili mkingoja niseme neno la hekima, kwa sababu kichwa changu kimejaa mvi, na watu wenye mvi hupenda kusema maneno ya hekima. Mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati. Niliitikia kwa kichwa, na kila mmoja wenu akaondoka akidhani nimemuunga mkono.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na chapati iliniokoa. Sasa niko nyumbani wiki ya tatu. Mke wangu amenikataza kupanga upya vyombo vya jikoni kufuatana na mwanga wa dirisha, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Nitawaeleza nilivyoifanya kazi hii, na nitakaa zaidi pale nilipokosea, maana huko ndiko nina uzoefu mkubwa. Kiswahili changu msikicheke. Mama yangu alikuwa wa upande wa Kenya na huko ndiko nilikosomea, ndiyo sababu naandika kama karani wa ofisi.

Sikuingia kwenye picha kwa kipaji. Nilikwenda Tororo kutafuta kazi ya kupakia magunia, wakataka picha mbili ndogo za kubandika kwenye fomu. Nikaingia studio ya Mzee Ochwo, chumba kimoja chenye dirisha kubwa na kigoda. Alinitazama shati langu, akatoa koti la kijivu ukutani, akanivika bila kuniuliza. Lilikuwa koti la mtu mnene. Akaja nyuma yangu na vibanio vya kuanikia nguo, akalikunja mgongoni na kulibana hapa na pale hadi kifua changu kikanyooka kama cha mwalimu mkuu. Tororo nzima ilikuwa inapigwa picha ndani ya koti hilo. Kwa mbele mtu ni mheshimiwa, kwa nyuma ni kamba ya nguo.

Alipomaliza akaniuliza, "Wewe, mkono yako iko na nguvu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi shika hii gunia. Bega yangu naniuma."

Lilikuwa gunia jeupe la unga, limefuliwa na kuwambwa kwenye fremu ya mbao. Mteja mwingine alikuwa ameshaketi. Nikalishika upande wa giza wa uso wake kama nilivyoelekezwa, na sikuliweka chini kwa miaka mitano. Kwa wale wa magunia ya kupakia sikurudi tena, kwa hiyo naweza kusema niliomba kazi ya magunia na nikaipata.

Kamera yenyewe sikuruhusiwa kuigusa kwa miezi mingi. Kazi yangu ilikuwa gunia, vibanio na taulo. Watu walitoka mbali kwa miguu na kwa baiskeli, wakafika nyuso zinang'aa jasho, na jasho kwenye picha huonekana kama mtu amepakwa samli. Uwafute taratibu, uwaache wapumue, uwape maji. Mzee alikuwa akinieleza kazi kwa maneno machache. "Uso wa mtu iko na pande mbili," alisema. "Dirisha nakula moja, gunia narudisha ingine." Huo ndio mwanga, Nekesa. Vitabu vyote nilivyosoma baadaye vilirudia hayo kwa kurasa mia tatu.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Mteja akishaketi, Mzee Ochwo alianza kuhangaika. Alisogeza kigoda, akaulizia mvua za kwao, ng'ombe, mtoto aliyekuwa mgonjwa. Mteja akiuliza kama tayari, alijibu, "Bado, sijaanza." Halafu nilisikia kamera ikilia, kcha. Mteja hata hakuwa anajua. Kisha Mzee alisimama wima na kusema, "Haya, sasa," na mteja akakaza uso na kuvuta pumzi, na picha ya pili ikapigwa. Hiyo ya pili ndiyo mteja alipewa. Ile ya kwanza Mzee aliitia kwenye makopo ya biskuti, filamu juu ya filamu, zimeandikwa majina ya vijiji.

Siku moja nilimwambia kwamba anapoteza filamu.

"Ile ya pili ni ya ofisi," akanijibu.

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza bado sijajua ni ya nani."

Niliamua kwamba anazeeka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na katika umri huo nilikuwa nimeshaamua mambo mengi kuhusu watu.

Siku bega lilipomzidi, alinituma peke yangu kijiji cha Mwello kuwapiga picha watoto waliokuwa wanapokea komunyo ya kwanza. Nilivaa lile koti, bila vibanio, na nikapanda baiskeli kamera ikiwa shingoni ili kila mtu njiani aione. Kanisani katekista aliwapanga watoto uani, weupe kuanzia kichwani hadi soksi, na jua la asubuhi lilikuwa zuri. Nikawapiga mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha na wazazi. Filamu ile ilikuwa ya picha thelathini na sita. Namba kwenye kamera ikafika thelathini na sita, nikavuta, ikaenda. Thelathini na saba. Arobaini. Nilipofika arobaini na nne nilikuwa nimeshasadiki kwamba hili ni jambo la kiroho, na kwamba kwa kuwa tuko kanisani filamu imeongezewa. Nilimweleza hata katekista. Akafanya ishara ya msalaba.

Mzee Ochwo alinisikiliza hadi mwisho wa hadithi. Kisha akaniuliza kama kile kigurudumu kidogo cha kushoto, cha kurudishia filamu, kilikuwa kinazunguka kila nikivuta.

Sikuwa nimekitazama. Akafungua kamera palepale kwenye mwanga, na filamu ilikuwa imekaa mahali ilipowekwa, safi, haijasogea hata unywele. Sikuwa nimeinasa kwenye jino lake. Nilikuwa nimepiga watoto wote wa Mwello ndani ya hewa.

Jumapili iliyofuata nilirudi. Mama mmoja alikuwa amesharudisha gauni la kuazima, mtoto mwingine alikuwa ameanguka na kuchubuka pua. Katekista aliniuliza mbele ya watu wote, "Sasa hawa watoto watapokea Yesu mara ya pili kwa ajili yako?" Nikawapiga tena nikiwa na jicho moja kwenye kigurudumu. Kwa mwezi mzima baada ya hapo Mzee alinifungisha filamu nikiwa nimefumba macho, kila asubuhi kabla ya chai. Hata leo, Opio, kamera yenu isiyo na filamu nikiishika, kidole changu cha kushoto hukitafuta kile kigurudumu.

Nilipomuaga Mzee Ochwo kwenda kufungua studio yangu Busia, hakunipa maneno. Alinipa lile koti na vibanio vyake, akasema yeye atanunua jipya. Nililipokea kwa mikono miwili huku moyoni nikiona aibu, maana nilikuwa nimepanga studio ya kisasa.

Hapo Opio ndipo utanipenda. Busia mwenye kamera alikuwa na maisha: watu wa kuvuka mpaka, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wote walitaka picha za vibali, na walizitaka jana. Nilipata pesa na nikapata ugonjwa. Kulikuwa na mama mfanyabiashara wa Busia ya Kenya, Mama Brayo, aliyevuka kila siku na mizigo kutoka Nairobi, na kila alilokuwa nalo lenye lenzi nililitaka. Aliniuzia flashi. Aliniuzia miavuli miwili ya taa, mmoja mweupe, mwingine wa fedha. Aliniuzia lenzi ndefu ambayo chumba changu kilikuwa kifupi mno kuitumia. Ilinibidi nisimame nje barabarani na kumpiga mteja kupitia mlangoni, bodaboda zikipita katikati yetu. Niliitumia mara nne. Bado iko kabatini, na naomba msiiulize.

Siku nilipowasha taa zote kwa mara ya kwanza, mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Brayo mwenyewe, anataka picha ya kibali. Alirudi baada ya saa moja, amenuna.

"Wandera, hii ni nini sasa? Afisa ameniuliza kama nimetuma dadangu mzungu. Ona uso! Umenipaka unga?"

"Ni taa zako, mama. Wewe ndiye uliniuzia."

"Mimi niliuza taa. Sikukuuzia kichwa."

Stima ikapotea tukiwa bado tunabishana. Afisa alikuwa anafunga, mizigo yake iko kwenye mkokoteni, kwa hiyo nikamketisha mlangoni, kwenye kivuli cha baraza, nikachukua lile gunia la unga nililokuja nalo kutoka Tororo na kulitandika chini ya meza. Nikapiga picha mbili. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Yeye akafurahi, na mimi nikakasirika kabisa. Nilihitaji miaka kadhaa na kukatika kwa stima mara nyingi kabla ya kukubali kwamba wateja wangu walikuwa wanaombea giza.

Kwa hiyo kufikia wakati kamera za kidijitali zilipoingia, nilijiona nimekamilika. Kamera ninayo, mwanga nimeuelewa, mkono umezoea. Nikajifunza kompyuta pia. Niliweza kumwondolea mtu chunusi, makovu, mikunjo ya shingo. Kuna bwana harusi mmoja nilimwongezea nywele. Watu walitoka Malaba na Tororo kunifuata, nami nikaanza kuzungumza kama daktari. "Usijali," nilikuwa nasema, "hilo tutalitoa."

Ndipo walipokuja Mzee Egesa na mkewe, Mama Taaka.

Walikuwa wametoka hospitali ya Masafu, na jinsi Mama Taaka alivyoukumbatia mfuko wa dawa nilijua hawakupewa habari njema. Mzee alikuwa mrefu, amekonda sana, ana kovu lililokata nyusi ya kulia. Mama alikuwa amevaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la sherehe, mabega yake yamesimama wima.

"Tunataka picha moja," alisema. "Mimi na huyu mzee. Tangu atoe mahari hatuna picha pamoja, hata moja."

"Mimi nilikuwa nangojea kwanza awe mrembo," Mzee Egesa akasema. "Sasa naona siku nakwisha."

Mama Taaka akampiga kofi dogo la mkono. Nikacheka, nikawaketisha, nikaanza kazi. Nataka muelewe kwamba nilitaka kuwatendea mema. Nilijiambia hii itakuwa picha ya maisha yao, na kwamba wamebahatika kuja kwangu.

Nikamletea koti. Akalitazama.

"Hii koti mimi naijua. Ndugu yangu alipiga nayo paspoti. Na katibu wa kijiji pia. Nyumbani watasema nimeazima."

"Linampa mtu heshima, mzee," nikamwambia, nikamvika. Mtu mzima wa kawaida huhitaji vibanio vitatu. Yeye alihitaji saba. Niliviweka kimoja kimoja, na yeye akatazama ukutani.

Kisha mwavuli wa fedha ukagoma. Flashi haikuwaka, nikahangaika na nyaya, nikabofya kamera kujaribu, kcha, ikatoka picha ya giza, imetikisika, mpini wa mwavuli umekatiza kwenye kona. Wao walikuwa hawana habari nami. Mama alikuwa anamrekebisha kola na kumgombeza kwa Kisamia kwamba hata siku ya picha hawezi kukaa sawa, naye alikuwa amemwinamia anacheka. Niliitazama ile picha kwenye kioo cha kamera na kuifuta papo hapo. Ndivyo nilivyofanya na zote za kujaribu. Mtu safi haachi takataka.

Taa zikawaka. "Haya, sasa," nikasema.

Mzee aliendelea kuinamisha kichwa upande wa mkewe. Nikamwambia akinyooshe. Akakinyoosha, na nilipofika kwenye kamera kilikuwa kimerudi. Nikaenda nikakishika kwa mikono yangu miwili, kama mtu anayeweka chungu mezani, nikakisimamisha. Nilikwenda mara tatu. Mama Taaka akafungua mdomo aseme jambo, nikamwomba asitikisike. Mara ya tatu Mzee akabaki wima, macho mbele, kidevu juu. Nikapiga. Picha ilitoka wazi kila mahali, mwanga laini, kila uzi wa ile gomesi unaonekana.

Nikaiingiza kwenye kompyuta nikalitoa kovu. Nikamjaza mashavu kidogo. Jioni ile ile nikanunua kadi kubwa zaidi ya kamera, kwa sababu bado nilikuwa mtu wa kununua, na ile ndogo nikaitupa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Ile picha niliifurahia hadi nikabandika nakala yake dirishani, watu wa barabarani waione.

Siku waliyopaswa kuichukua hawakuja. Baada ya majuma matatu Mama Taaka alikuja na shemeji yake. Mzee alikuwa amefariki, mazishi ni kesho, wanataka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza, ya Mzee peke yake, iliyokatwa kutoka ile ya wawili. Nikaichapa wakingoja. Shemeji alifurahi sana.

"Picha safi! Anakaa kama mheshimiwa mbunge!"

Mama Taaka aliishika kwa muda mrefu.

"Hapa amepona," akasema.

Nilidhani ananisifu. Nikamwambia asante.

Nilikwenda mazishini, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu walinikodi. Picha ilisimamishwa juu ya jeneza katikati ya maua, kifuniko cha upande wa kichwa kikiwa wazi, na watu walipita mbele yake mmoja mmoja. Niliwapiga wakipita. Kupitia lenzi nikaona jambo ambalo sikulielewa mara moja: walikuwa wanaitazama picha, kisha wanatazama ndani ya jeneza, kisha wanaitazama picha tena. Mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, mjukuu wao, aliyeshikwa mkono na Mama Taaka, aliuliza kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia.

"Huyu ni nani?"

"Ni jaja yako," Mama Taaka akamwambia.

"Hapana," mtoto akasema. "Jaja iko wapi?"

Nilishusha kamera. Nimewahi kuaibika kazini mara nyingi, na mnajua ya Mwello, lakini ya Mwello niliicheka baada ya wiki. Hii sikuicheka. Mtu alikuwa analazwa kaburini chini ya uso wa mtu mwingine, na uso huo niliutengeneza mimi, kwa taa zangu na kompyuta yangu.

Walipomaliza kufukia, Mama Taaka alinifuata nilipokuwa nafunga mkoba.

"Egesa alikuwa hasikii na sikio la kushoto," akaniambia. "Tangu kijana. Kama naongea, analeta la kulia hivi. Miaka yote, hivi." Akainamisha kichwa chake kunionyesha. "Wewe ulimnyoosha."

"Sikujua, mama."

"Nilitaka kukuambia, ukasema nisitikisike." Alikuwa hana hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Sasa nipe ile ya kwanza. Ile wakati ulikuwa napigana na mwavuli. Mimi nilisikia kamera nalia. Egesa alikuwa nacheka. Iko wapi?"

"Ile haikuwa picha. Nilikuwa bado sijaanza."

"Iko wapi?"

"Niliifuta."

Akatikisa kichwa taratibu, akaita mtu aniletee chakula. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nilikula ule wali nikiwa nimekaa peke yangu nyuma ya jiko.

Njia nzima ya kurudi Busia nilikuwa namsikia Mzee Ochwo. Alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Kwenye matanga yake bintiye aliyafungua yale makopo ya biskuti, na watu wa vijiji walipanga foleni hadi barabarani wakitafuta filamu za baba zao na mama zao. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimesimama pembeni nikimwonyesha mtu lenzi yangu ndefu.

Nekesa, wewe ulikuwa na wiki mbili tu kazini nilipokusimulia, na nilikusimulia kwa sababu uliniuliza kwa nini nimeitoa ile picha dirishani. Ukaniuliza kadi iko wapi. Nikakwambia nimeifuta, binti yangu, kufuta ni kufuta. Ukasema kwenye kadi kitu kilichofutwa hukaa palepale hadi kingine kije kukaa juu yake. Nikakumbuka droo. Kwa hiyo, Opio, nikubali kwamba ugonjwa wangu wa vifaa ulimsaidia mtu mara moja: nisingenunua kadi kubwa bila sababu, ile ndogo ningeitumia keshoye na kumfukia Mzee Egesa chini ya madereva wa malori.

Ulikaa na ile programu yako ya kufufua vilivyofutwa mchana mzima, mimi nikijifanya nafuta vumbi. Zikatoka vipandevipande, nusu ya uso wa huyu, goti la yule. Kisha ikatoka hiyo. Giza. Imetikisika. Mpini wa mwavuli umekatiza kona ya juu, na upande wa kushoto kuna kiwiko changu. Koti limemkaa vibaya, kibanio kimoja kinaonekana. Mama Taaka ameshika kola, mdomo uko katikati ya neno, na Mzee Egesa amemletea sikio la kulia, kovu lake mahali pake, anacheka.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kompyuta wenyewe. Nilitaka tu kukata kile kiwiko na kuongeza mwanga kidogo. Uliupiga mkono wangu, Nekesa. Sijawahi kukushukuru kwa kofi lile, basi asante.

Niliipeleka mwenyewe, kwa bodaboda, ndani ya bahasha. Mama Taaka aliitoa, akaitazama, akaketi chini kwenye mkeka na gomesi yake yote. "Huyu ndiye," akasema. Akamwita yule mtoto. Mtoto akaitazama, akasema "Jaja," kama mtu anayesalimia, akarudi kucheza. Mama Taaka alilia, na mimi nikalia, na dereva wa bodaboda akazima pikipiki.

Baada ya siku hiyo nilianza kupiga picha moja kabla ya kuanza. Mliniona mkadhani nazeeka, nyote wawili, niliwaona mkitazamana. Koti nimewaachia ukutani pamoja na vibanio. Mteja akilikataa, msibishane naye. Na diski zile kabatini zilizoandikwa majina ya vijiji, ndimo nilimoweka picha hizo, msizifute hata mkikosa nafasi. Itupeni ile lenzi ndefu.

Mwezi uliopita familia ya Egesa ilifanya ukumbusho wake, nikaalikwa, safari hii kama mgeni, mikono mitupu. Sikujua niiweke wapi. Sebuleni ile picha imetiwa fremu nzuri ya mbao, iko peke yake ukutani, na kiwiko changu kimo. Ile nyingine, kazi yangu bora, niliambiwa ilipewa shemeji. Padri, ambaye ni mgeni eneo lile, alisimama mbele ya ukuta akaikodolea macho, akasogea, akarudi nyuma, akamwuliza Mama Taaka ni nani aliyeipiga picha ya namna hii.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Ni yule Wandera wa Busia," Mama Taaka akasema. "Lakini hiyo alipiga wakati alikuwa bado hajaanza."